Kabla ya Rusumo

Lutonja, weka funguo mezani kwanza.
Najua umeshaosha gari, tairi zote zinang'aa,
lakini mpaka hautazami mng'ao.
Mpaka unasoma.

Miaka kumi na tisa nauza spea hapa Nyakato.
Nimewaona wanaoondoka kwa mbwembwe, honi hadi Igoma,
jioni wananipigia: mama, feni belti.
Basi chukua feni belti. Chukua na fyuzi,
nimekufungia kwenye kopo la kahawa.
Maji lita kumi, ya rejeta. Ya koo lako ni mengine.
Pembetatu mbili. Kizimamoto, na uangalie tarehe yake,
maana askari ataiangalia kabla hajakusalimia.

Bima yako ya hapa inaishia mtoni.
Ukishavuka Kagera wewe ni mtoto wa watu.
Kakate kadi ya njano mjini, leo,
usingoje vijana wa mpakani watakaokuita bosi.
Anayekuita bosi nawe hujamwajiri
anataka mshahara.
Pesa vilevile: badili kidogo, hesabu mwenyewe,
usihesabiwe dirishani injini ikiunguruma.

Daraja la Busisi utalipita jua halijakaa sawa.
Usisimame kupiga picha. Nitajuaje? Nitajua.
Zamani pale tulipanga foleni ya kivuko, baba yako na mimi,
tukala dagaa wa kukaanga kwenye karatasi ya gazeti,
redio inakwaruza, yeye anapiga usukani kwa vidole.
Sasa ni dakika nne.
Mtu hapati hata muda wa kugombana akapatana.

Geita jaza tangi. Ukifika Lusahunga usiamini geji,
geji ya gari hili hudanganya robo nzima.
Benako kula, lala. Mpaka hauvukwi na usingizi.

Halafu Rusumo. Hapa nisikilize kwa masikio mawili.
Ng'ambo ya daraja wanapita kulia.
Kulia, mwanangu. Usukani wako uko kulia, nawe uko kulia,
kwa hiyo lori la mbele litakuziba jicho.
Usilipite kwa kubahatisha. Nshoma amekaa kushoto,
mwache mkeo akuchungulilie; akisema bado, ni bado,
hata kama mmenuniana tangu Geita.
Tena kosa haliji kwenye lori.
Linakuja asubuhi ya pili, barabara tupu, umeshiba,
unatoka kituo cha mafuta,
na mkono unakumbuka Mwanza.
Bandika karatasi kwenye dashibodi: KULIA.
Andika kwa herufi kubwa, usione haya.

Sasa nipe kadi ya gari nikakutolee kopi.

Unaliona jina.
Ofisa atalisoma taratibu, kisha akutazame:
Bulugu Lukelesha yuko wapi?
Utamjibu nini? Kwamba amelala Kisesa, mwaka wa tatu huu?
Marehemu haandiki barua ya ruhusa.
Wakili hagongi muhuri juu ya udongo.

Waliniambia wote. Shemeji, badili. Mama, badili.
Nami nikawa nalipa kila kinacholipwa kwa jina lake,
risiti inatoka, Ndugu Bulugu, kiasi fulani, asante,
naikunja, naiweka kwenye droo
kama mtu anayeandikiwa.

Funguo ziache hapo hapo.
Mahafali ya dada yako ni tarehe ishirini na nane, siku zipo.
Kesho nafunga duka. Cheti cha kifo kiko chini ya godoro,
karatasi za mirathi anazo baba yako mdogo, mpigie sasa hivi,
kabla hajaenda kunywa.
Tutakwenda wote mamlaka ya mapato, tukapange foleni
kama ile ya kivuko.

Njoo na kalamu yako.
Za kwao zimefungwa kamba, na hazitoi wino.